UZI: Dondoo ya mwani "inayeyusha mafuta ya ini". Njooni tuangalie kilichomo kwenye sahani ya maabara

#1 Kisima_B7 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna picha mbili zinazunguka sana kwenye makundi. Ya kushoto ina seli za ini zilizojaa vitone vyekundu. Ya kulia ni seli za aina ileile, vitone vimebaki vya kuhesabika. Chini yake maandishi makubwa: mwani huyeyusha mafuta ya ini, sayansi imethibitisha. Nimeulizwa kuhusu picha hizo hadi nimechoka kujibu mmojammoja, na kazi yangu ni hiyohiyo: nalea seli za ini maabara, nazilisha, nazipaka rangi, nazipiga picha.

Nianze kwa kusema picha si za kughushi. Matokeo ya namna hiyo nimeyaona kwa macho yangu.

Inafanyika hivi. Unachukua seli ziitwazo HepG2, unazimwaga kwenye sahani ya visima 24, unaziacha siku moja zishike chini. Kisha unazilisha asidi ya oleiki iliyobebwa na albumini (protini ya damu), yaani unazinywesha mafuta kwa makusudi. Kesho yake zimevimba vitone. Kwenye baadhi ya visima unatia dondoo ya mwani, vingine unaviacha. Baada ya hapo unazigandisha kwa formalini na kuzitia rangi nyekundu inayopenda mafuta. Ukiosha, uoshe taratibu, maana seli hubanduka kama utando wa maziwa na kazi ya siku nne inaishia kwenye sinki. Mwisho unaiyeyusha ile rangi kwa isopropanoli na kuipima kwa mashine. Kisima cha mafuta peke yake kinatoa wekundu uliokolea. Kile chenye dondoo, wekundu mwepesi. Hata bila mashine unauona.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kimeng'enya kinachoitwa AMPK. Mchukulie kama mtunza stoo wa seli. Akiona nishati imepungua, anasimamisha utengenezaji wa mafuta na kolesteroli, anaamuru yaliyopo yachomwe. Anamwendea mwenzake, ACC, anamfunga mikono kwa kumbandika fosfati. ACC ndiye mtengenezaji wa malonili-CoA, na malonili-CoA ndiyo inayobana lango la mitokondria (vinu vya nishati vya seli) liitwalo CPT1. Ikipungua, lango linafunguka, asidi za mafuta zinaingia, zinachomwa. Wakati huohuo SREBP-1c, swichi ya jeni za kutengeneza mafuta, inashuka.

Sasa tatizo. "Dondoo ya mwani" si kitu kimoja. Mwani wa kahawia ukiuchemsha kwa maji unapata zaidi sukari ndefu kama fukoidani (Mswidi Harald Kylin aliieleza mwaka 1913) pamoja na chumvi kibao. Ukiuloweka kwenye ethanoli unapata rangi ya fukozanthini na florotanini (tanini za mwani). Mwani mwekundu una karajinani na agari, wa kijani una ulvani. Mtu akikwambia "mwani unasaidia ini" bila kusema upi na umekamuliwa kwa nini, ni sawa na kusema "majani yanatibu".

Karibuni. Maswali magumu nayapenda.

#2 Chura_wa_Kisimani

Nimekaa kiti cha mbele. Umesema shida ni nini sasa? Vitone vimepungua, AMPK imeamka, mimi naona biashara imekwisha.

#3 MamaShani

Asante mkuu kwa elimu. Baba mkwe wangu amepigwa picha ya ultrasaundi, ameambiwa ini lina mafuta. Mtoto wake mmoja kamletea kopo la vidonge vya dondoo ya mwani wa kahawia. Mzee anaiamini ile picha ya vitone kuliko anavyomwamini daktari. Aanze kumeza au tusubiri?

#4 Kisima_B7

Dada, naomba asubiri kidogo, nitarudi kwako. Nisomee kopo lilivyoandikwa: ni mwani gani, na kama wametaja kiasi cha ayodini.

Chura, hebu tuichambue hiyo "biashara". HepG2 si ini. Ni seli za uvimbe wa saratani uliotolewa kwa kijana wa miaka 15 kutoka Argentina, zimekuwa zikizaliana maabara tangu miaka ya 1970. Kwa muda mrefu ziliandikwa kuwa za saratani ya kawaida ya ini ya watu wazima. Baadaye ikaonekana zinafanana zaidi na hepatoblastoma, uvimbe wa watoto. Vimeng'enya vya kuchakata dawa, ile familia ya CYP ambayo ndiyo fahari ya ini, zinavyo kiduchu mno.

Tena ni seli za saratani, kwa hiyo zinapenda kuunguza sukari kwa njia ya mkato hata oksijeni ikiwepo tele. Midia, yaani majimaji ambayo wengi tunazilishia, ina glukosi milimoli 25 kwa lita. Damu ya mtu mzima aliyefunga usiku kucha ina kama 5. Yaani tunamlea mgonjwa wa kisukari kikali kwenye sahani, halafu tunajisifu kwamba dondoo "imebadilisha umetaboli". Ukitaka kuona mitokondria zikifanya kazi kweli, ondoa glukosi uweke galaktosi. Hapo seli zinalazimika kutumia oksijeni, na dondoo iliyokuwa inaonekana mpole ghafla inaanza kuua.

Jingine ambalo watu hawalisemi: HepG2 zimebeba nakala zote mbili za lile badiliko la jeni ya PNPLA3, I148M, linaloongeza hatari ya mafuta kwenye ini. Kwa hiyo hata unapozilinganisha na zenyewe, unalinganisha seli zenye mwelekeo wake.

#5 Mzee_wa_Pipeti

Mwanzisha uzi yuko sahihi, ila anaionea AMPK huruma. Niongeze chumvi.

AMPK huamka seli ikiishiwa nishati. Metformini (dawa ya kisukari) na beberini (kemikali ya mimea), kwa sehemu, huiamsha kwa kubana kiungo cha kwanza cha mnyororo wa mitokondria. Kwa hiyo ukiona AMPK imewaka, swali la kwanza si "dawa imefanya kazi?" bali "nani kakata umeme?" Mtunza stoo anaweza kufunga stoo kwa sababu ana akili ya kuweka akiba, au kwa sababu nyumba inaungua. Kwenye karatasi ya matokeo zote mbili zinaonekana mstari uleule mweusi.

Halafu vitone hupungua pia seli zikipungua. Ukipima wekundu wa kisima kizima bila kugawanya kwa kiasi cha DNA au protini, unaweza kutangaza tiba kumbe umeua theluthi moja ya seli.

Na la tatu: dondoo imetiwa lini? Ukiitia pamoja na asidi ya oleiki, je, una uhakika mafuta yaliingia ndani? Florotanini hupenda kung'ang'ania protini, na asidi ya oleiki imepanda mgongoni mwa albumini. Huenda vimeshikana huko nje kwenye midia na seli haikuona kitu. Mtu makini huzijaza mafuta kwanza, anaosha, ndipo anatia dondoo. Kazi nyingi za mtandaoni hazifanyi hivyo.

#6 Kisima_B7

Mzee, umenikumbusha aibu yangu. Ngoja niiweke wazi, ndiyo asili ya jina langu humu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa dondoo ya ethanoli ya mwani wa kahawia nipime kama inaua seli. Kipimo ni MTT, kilichoelezwa na Mosmann mwaka 1983: unga wa njano, seli hai huugeuza fuwele za zambarau. Zambarau nyingi maana yake uhai mwingi. Sahani ya visima 96, nimepanga dozi vizuri. Matokeo yanatoka: dozi ikipanda, uhai unapanda! Asilimia 130, 150, 170 ya seli zisizopewa kitu. Nikajiona nimegundua maji ya uzima. Nilishaanza hadi kuandika kichwa cha habari kichwani.

Msimamizi wangu akaangalia ramani ya sahani kimya, akaweka kidole kwenye B7. Hicho kilikuwa kisima cha dondoo bila seli, nilikiweka kwa kufuata mazoea tu. Kilikuwa zambarau iliyokolea kama vingine. Seli hata moja hakina.

Florotanini zenyewe ndizo zilizoigeuza MTT. Ni kemikali zinazotoa elektroni kirahisi, hazihitaji seli. Kibaya zaidi, zikikaa kwenye midia yenye joto na oksijeni hujioksidisha na kutoa haidrojeni peroksaidi. Kwa hiyo sahani hiyohiyo ilikuwa inanidanganya pande mbili: seli zinateswa na peroksaidi, kipimo kinasema zinashangilia.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha matokeo ya dondoo yoyote ya mmea au mwani, naomba kwanza nione kisima kisicho na seli.

#7 Chumvi_Nyingi

Hahaha, pole mkuu. Mimi yangu ilikuwa dondoo ya maji. Nimechemsha, nimechuja, nimekausha kwa baridi, nikapata unga wa rangi ya krimu, nikatia miligramu 5 kwa mililita. Seli zikasinyaa kama zabibu kavu ndani ya saa moja. Nikaandika "sumu kali dhidi ya saratani ya ini". Kumbe sikuwa nimepitisha kwenye mfuko wa dayalisisi kuondoa chumvi ya bahari. Midia inatakiwa iwe karibu miliosmoli 290 (kipimo cha ukolezi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka). Yangu ilikuwa bahari. Maji ya bahari yanaua saratani, andikeni.

#8 Nuru_ya_Tatu

Samahanini, naona mnabomoa tu. Seli ni mwanzo, sawa. Lakini panya je? Kazi ya Wajapani ya mwaka 2005 ilionyesha fukozanthini ya mwani wa wakame ikipunguza mafuta ya tumboni kwa panya. Na kuna kazi kibao za panya waliolishwa mafuta mengi, ini likapungua mafuta walipopewa fukozanthini au fukoidani. Sahani na panya vimekubaliana, mnataka nini zaidi?

#9 Kisima_B7

Hoja nzuri, na nakubali nusu yake. Fukozanthini ndiyo mgombea ninayemheshimu kuliko wote.

Ila tazama njia. Ile kazi ya 2005 haikuhusu ini kuchoma mafuta. Walichokiona ni protini ya UCP1, ile inayogeuza nishati kuwa joto, imewaka ndani ya mafuta meupe ya tumboni. Tishu ya mafuta ikipungua, mzigo unaotiririkia kwenye ini nao unapungua. Kwa hiyo ini la panya linaweza kupona bila fukozanthini kuligusa! Sahani na panya wamefika kituo kimoja, lakini huenda kila mmoja kapanda basi lake.

Tena, fukozanthini uliyoimeza haifiki kwenye ini ikiwa fukozanthini. Utumbo unaivunja kuwa fukozanthinoli, na ini linaibadilisha kuwa amarousiazanthini A. Hatua hii ya pili imeonyeshwa kwa panya na pia kwenye HepG2, mwaka 2004, kwa hiyo seli zetu si za bure kabisa, hapo zimetusaidia. Lakini anayemwaga fukozanthini mbichi kwenye seli za ini anaipa ini kitu ambacho ini halikioni.

Njoo kwenye dozi sasa. Watu waliopewa dondoo ya kombu (mwani wa kahawia) yenye miligramu 31 za fukozanthini walipimwa damu. Kilele cha fukozanthinoli kilikuwa kama nanomoli 44 kwa lita. Kwenye sahani dozi ya mikromoli 10 ni ya kawaida kabisa. Gawanya: ni zaidi ya mara 200.

#10 Nuru_ya_Tatu

Lakini vitu vinavyopenda mafuta hurundikana kwenye tishu. Damu inaweza kuonyesha kidogo huku ini limebeba zaidi. Na mtu anameza kila siku, si mara moja.

#11 Kisima_B7

Kweli, na ndiyo maana sijasema haiwezekani. Kwa panya hurundikana. Nasema aliyetumia mikromoli 10 anatakiwa atuonyeshe pia mikromoli 0.1, tuone kama kuna kilichobaki. Mara nyingi safu hiyo haipo kwenye grafu.

Fukoidani ndiyo ina hali mbaya zaidi. Ni molekuli nene, nyingine zinafika kilodaltoni mamia. Inayopenya ukuta wa utumbo ni kidogo sana. Kuimwagia seli za ini mikrogramu 100 kwa mililita ni kama kumhukumu mtu kwa barua ambayo haikumfikia.

#12 Mzee_wa_Pipeti

Hapo kwenye fukoidani niingilie. Haifiki kwenye ini, lakini inafika kwa bakteria wa utumbo mpana, na wao ndio wanaozungumza na ini kupitia asidi fupi za mafuta na nyongo. Na si kila mtu ana bakteria wa kuivunja sukari ya mwani. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba bakteria wa utumboni kwa Wajapani, Bacteroides plebeius, wamebeba jeni za kumeng'enya pofirani ya mwani mwekundu, jeni zilizotoka kwa bakteria wa baharini. Kwa Wamarekani wa kaskazini waliowalinganisha nao hawakuzikuta. Sahani ya HepG2 haina bakteria hata mmoja (ikiwa nao, unaitupa!), kwa hiyo swali hili haiwezi kulijibu hata ukiibembeleza.

Na dada MamaShani asikilize hili: mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya HepG2 ambapo fukozanthini ilipunguza uwezo wa rifampisini (dawa ya kifua kikuu) kuamsha CYP3A4. Hicho ndicho kimeng'enya kinachoshughulikia dawa nyingi mno. Ni sahani tu, nayo ina kasoro zote tulizozitaja. Lakini ukiiamini sahani inapokupa habari njema, iamini pia inapokuonya.

#13 Usiku_wa_Tasnifu

Wakuu, nimefuatilia kimya. Mimi niko shahada ya uzamili, napima dondoo ya mwani wa kijani. Kwa bahati nzuri sitegemei HepG2 peke yake, nina seli za ini za kawaida zisizo za saratani, L-02, kama kilinganishi. Dondoo inaua HepG2 na kuziacha L-02. Nadhani hilo linajibu hoja ya saratani?

#14 Kisima_B7

Mdogo wangu... kaa chini kwanza.

L-02 zilipopimwa alama za DNA zilionekana ni HeLa. Wenzake, waliouzwa miaka mingi kwa jina la "ini la Chang", ni walewale. HeLa ni seli za saratani ya shingo ya kizazi zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951. Zina kasi, zikiingia kwenye chupa ya jirani kwa tone moja la pipeti zinaitawala. Kwa hiyo kilinganishi chako "cha ini lenye afya" si ini na si chenye afya.

#15 Usiku_wa_Tasnifu

Umeniharibia usiku.

Nina sura nzima ya tatu. Chupa tulipewa na maabara nyingine, imeandikwa kwa kalamu "ini, kawaida".

#16 Chumvi_Nyingi

Pole sana. Bora humu kuliko siku ya kutetea. Peleka sampuli ikapimwe alama za DNA, usibishane na kalamu.

#17 MamaShani

Kopo nimelisoma. "Dondoo ya mwani wa kahawia miligramu 500." Aina ya mwani haijatajwa. Ayodini haijatajwa. Vidonge viwili mara tatu kwa siku. Mzee anatumia pia dawa ya thairoidi na ya kuzuia damu kuganda. Nyuma ya kopo ile picha ya vitone ipo, wameiweka ndogo.

#18 Kisima_B7

Dada, asianze. Hapa sihitaji kusubiri utafiti.

Mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, na Ulaya wameweka mpaka wa juu kuwa 600. Gramu moja ya baadhi ya mwani mkubwa wa kahawia uliokaushwa inaweza kupita 1,000. Kopo linampa gramu 3 za dondoo kila siku bila kusema lina ayodini kiasi gani, na mzee tayari ana tezi inayotibiwa. Fukoidani nayo inajulikana kwa kuzuia damu isigande, jamaa ya heparini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda. Hata kama inayopenya ni kidogo, kwa mtu mwenye dawa ya damu huo si mchezo wa kujaribu nyumbani. Mpelekeeni daktari kopo lenyewe, si maelezo ya mdomo. Na kama ameshameza hata siku chache, semeni.

Kuhusu ini lake: mafuta haya yana dawa ambayo haina picha ya kuvutia. Uzito ukipungua asilimia 5, mafuta ya ini hupungua. Ukifika 7 hadi 10, hata uvimbe unaoletwa na mafuta hayo ndani ya ini (si wa saratani) hutulia kwa wengi. Vipimo vya watu, si vya sahani.

#19 Nuru_ya_Tatu

Nami nakubali kwa huyu mzee. Ila nisiondoke mikono mitupu: kuna jaribio la binadamu, 2010, wanawake wanene wasio na kisukari, wiki 16, fukozanthini. Mafuta ya ini yalipungua.

#20 Mzee_wa_Pipeti

Lipo. Lakini kidonge kile kilikuwa na fukozanthini pamoja na mafuta ya mbegu za komamanga. Tuzo tumpe nani?

Ajabu nyingine, kwa wapenda mambo: dawa ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani kwa ini lenye mafuta, uvimbe na makovu, Machi 2024, ni resmetiromu. Inabonyeza kipokezi cha homoni ya thairoidi ndani ya ini. Kwa hiyo anayekula mwani wenye ayodini nyingi, akavuruga tezi, halafu akapima ini, hata hajui ni kipi kimefanya nini.

#21 MamaShani

Kopo limeenda kwa daktari leo. Kalizuia, kaagiza kipimo cha thairoidi. Kumbe mzee alishameza siku tisa kwa siri. Amenuna, anasema mimi na "watu wa mtandaoni" tumemnyima uponyaji. Nimemwonyesha habari ya kisima cha B7, kacheka kidogo.

#22 Usiku_wa_Tasnifu

Wiki tatu baadaye. Majibu ya alama za DNA yamerudi.

HeLa.

Msimamizi amekubali niifute sura ya tatu na kuirudia. Tumepata HepaRG, aina nyingine ya seli za ini. Nimeambiwa wiki mbili za kukuza, kisha wiki mbili zaidi kwenye DMSO (kiyeyushi) asilimia 2 ndipo zianze kufanana na ini. Ni kweli lazima nisubiri mwezi mzima kabla ya kutia tone la dondoo?

#23 Kisima_B7

Kweli. Na usizitikise chupa kila siku kuangalia kama zimekua. Andaa dozi zako wakati huo, uanzie chini kabisa, na uache kisima kimoja bila seli.